Mobili ya Mwanjelwa: mizani safi, mwendo haba

Karakana moja ya kuchomelea upande wa Mwanjelwa, Mbeya, ambayo riziki yake ya kila siku ni mageti na grili za madirisha, sasa inauza pia sanamu za kuning'inia ziitwazo mobili. Ni majani saba ya bati kwenye fito sita, yenye rangi nyekundu, nyeusi na njano, na upana wa mita 1.6 kutoka ncha hadi ncha. Ya bati la kawaida inauzwa Sh85,000, ya alumini Sh150,000, na yenye mota Sh230,000. Ushauri kwa mwenye haraka: chukua ya alumini, waambie waisawazishe upya baada ya rangi kukauka, usikubali waitundike kwa mshipi wa nailoni, yaani uzi wa kuvulia, na ile ya mota waachie wenyewe.

Anayetaka kuielewa sanamu ya aina hii asianze na sanaa. Aanze na mzega. Fito iko begani, mzigo huku na mzigo huku, na upande mmoja ukilemea mbebaji husogeza bega kuelekea huko. Mobili ni mzega ambao ncha yake moja imebeba mzega mwingine, na huo wa pili umebeba wa tatu. Ndiyo maana majani saba yanataka fito sita, pungufu kwa moja, wala si bahati. Kwa hiyo hutengenezwa kuanzia chini kwenda juu: unasawazisha fito ya mwisho na majani yake mawili, kisha unaichukulia yote kama mzigo mmoja wa fito inayofuata. Anayeanzia juu atafungua na kufunga mpaka usiku.

Jina lenyewe, mobili, lilitolewa mwaka 1931 na msanii Mfaransa Marcel Duchamp, alipoziona kazi za mchongaji Mmarekani Alexander Calder huko Paris. Kwa Kifaransa neno hilo hubeba maana mbili, kitu kinachosogea na sababu inayomsukuma mtu kutenda, na Duchamp hakuwa mtu wa kuiacha nafasi ya kucheza na maneno. Calder alikuwa na shahada ya uhandisi wa mitambo tangu 1919, na linalohusu karakana zetu liko hapo: kabla hajashika brashi alishajua wenzo na egemeo, ile nukta inayoibeba fito. Mashine zake za mwanzo zilikuwa na mota au mkono wa kuzungushia. Baadaye, kwa sehemu kubwa, aliiacha kazi hiyo kwa hewa, kwa kuwa mwendo wa mota hujirudia na ukishauona mara tatu umeumaliza.

Huku Nyanda za Juu Kusini Boma la Iringa linaonyesha historia na utamaduni, na kitu cha chuma kinachovuta wageni ni Kimondo cha Mbozi, tani zaidi ya kumi ambazo hazitikisiki hata kwa tufani. Mobili ya kutazama hakuna, kwa hiyo wengi wetu Calder tunamwona kwenye picha, na picha ya mobili huficha kitu pekee kinachouzwa. Mafundi wa karakana hii wameiga picha, na hilo linaonekana kwenye kazi yao: umbo limepatikana, mwendo umewaponyoka.

Tuanze na walichofanya vizuri, maana ni kingi. Usawazishaji ni wa kiwango cha juu. Fito zote sita zilikaa mlalo mara tu sanamu ilipotundikwa, na hakuna hata moja iliyoongezewa nati au kipande cha risasi kuficha kosa. Hilo si jambo dogo. Chukua fito yenye urefu wa sentimita 60, jani la gramu 85 ncha hii na jani la gramu 170 ncha ile. Kwa hesabu ya darasani egemeo linakuwa sentimita 40 kutoka kwenye jani jepesi. Lakini fito ya chuma ya milimita 3 nayo ina uzito, karibu gramu 33 kwa urefu huo, na ukiuingiza kwenye hesabu egemeo linarudi hadi sentimita 38.9. Sentimita moja na ushei inatosha kuiinamisha fito hadi mtoto aone. Hapa mafundi hawakupiga hesabu. Walisogeza kitanzi kwa vidole hadi fito ikatulia, ndipo wakakikunja moja kwa moja. Ni njia sahihi, na ni ya haraka kuliko kikokotoo.

Vitanzi vya katikati navyo vimekaa vizuri. Egemeo linapaswa kuwa juu kidogo ya mstari unaounganisha sehemu mbili zinazobeba mizigo, milimita 5 hadi 10 kwa fito za ukubwa huu. Likiwa chini ya mstari, fito hupinduka kama mtumbwi uliojaa upande mmoja. Likiwa juu mno, inakuwa ngumu kama mizani ya duka yenye kutu: unaisukuma, inarudi hapohapo. Kwenye sanamu tuliyoipima, ncha iliyoshushwa sentimita 5 ilirudi polepole, ikapita kidogo, ikarudi tena. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sasa kasoro, na ya kwanza ni ya kushangaza: sanamu imesawazishwa vizuri mno hadi haizunguki.

Majani yote yamekatwa kwenye bati moja, kwa hiyo jani lenye uzito maradufu lina eneo maradufu. Yote yamening'inizwa wima, yakitazama upande mmoja. Uzito ukizidishwa kwa urefu wa mkono unalingana pande zote mbili za egemeo, na kwa kuwa eneo linafuata uzito, nguvu ya upepo ikizidishwa kwa urefu uleule inalingana vilevile. Upepo ukija kwa usawa unasukuma kushoto sawasawa na unavyosukuma kulia. Jani dogo liko mbali, jani kubwa liko karibu, ngoma droo. Sanamu inapeperushwa mbele na nyuma kama shuka kwenye kamba, lakini fito hazigeuki. Kwenye sebule inasogea kidogo kwa sababu hewa ya ndani haiji sawasawa. Barazani, ambako mnunuzi alitarajia ichangamke, inabembea tu.

Tiba haigharimu kitu. Shika plaizi, geuza kulabu ya jani moja katika kila fito ili jani likae pembe ya nyuzi 30 hadi 45 na mwenzake. Uzito haubadiliki, mizani haiharibiki, ila eneo linaloukabili upepo sasa linatofautiana, na fito inaanza kugeuka. Jani moja au mawili yanaweza kulazwa kabisa kama sahani. Hayo hayashiki upepo wa pembeni lakini husikia hewa ya moto inayopanda kutoka jikoni au kwenye ngazi. Mtoto anayetengeneza kititia analijua jambo hili: majani ya kititia yasipopindwa, atakimbia nacho mpaka achoke. George Rickey, mchongaji Mmarekani ambaye baba yake alikuwa mhandisi wa kampuni ya cherehani za Singer, alipita njia nyingine. Mabapa yake marefu ya chuma kisichoshika kutu yana risasi upande wa pili wa egemeo, uzito mwingi katika eneo dogo, kwa hiyo upepo unakuta upande mmoja tu wa kusukuma. Fundi anayetaka toleo la pili la bidhaa hii aanzie hapo.

Kasoro ya pili ni bati lenyewe. La geji 28 lina unene wa takriban milimita 0.4. Jani la sentimita 30 kwa 15, lenye umbo la jani la mparachichi, lina eneo la sentimita za mraba 315 hivi, na kwa bati hilo linakaribia gramu 100. Jani hilohilo kwa alumini ya milimita 1 lina gramu 85, na ugumu wake wa kupinda ni zaidi ya mara tano, kwa kuwa ugumu wa bamba hupanda kwa unene mara tatu kwa kujizidisha. Jani la bati likipigwa na upepo linajipinda, linatoa ule mlio wa paa lililolegea, na baada ya miezi kadhaa linabaki na mkunjo. La alumini linanyamaza na kubaki lilivyokatwa. Tofauti ya Sh65,000 imelipwa hapo.

Tena alumini haihitaji kuchomelewa, na vizuri, maana kwa mashine ya kawaida ya fimbo ungeitoboa. Karakana imetumia ribiti, mbili kwa kila jani, zilizopigwa sawasawa bila kukunja bamba. Calder naye aliunganisha majani yake kwa ribiti. Cha kuangalia ni ribiti za chuma kwenye alumini. Zikipata maji zitakula alumini pembeni yake, na kwa mvua zetu za kuanzia Novemba hadi Aprili doa jeupe la unga halikawii kutokea. Omba ribiti za alumini; bei yake haitofautiani kiasi cha kugombana.

Rangi ndiyo sehemu dhaifu kabisa. Wamepaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki inayofunika bati. Zinki na rangi ya mafuta haviishi pamoja: mafuta ya rangi hugeuka kama sabuni pale yanapogusana na zinki, na ganda zima hubanduka likiwa bado linang'aa. Alumini nayo inataka msasa laini, kufutwa mafuta kwa thina, kisha praima inayoshika alumini, ndipo rangi. Na kuna jambo la uzito. Mikono miwili ya rangi pande zote mbili inaongeza gramu 8 hadi 10 kwenye jani la gramu 85, yaani karibu asilimia kumi. Kama majani yote yangepata rangi sawasawa mizani isingeharibika sana, lakini nyeusi imepakwa mkono mmoja na njano mitatu, kwa sababu njano haifuniki. Sanamu iliyosawazishwa kabla ya rangi na kupakwa baadaye huinama upande wa njano. Mafundi walirekebisha hilo kwa kukunja fito kidogo kwa mkono. Tulichosifia pale juu ni sanamu ya maonyesho ya dukani. Iliyotengenezwa kwa oda haikuwa na bahati hiyo hadi iliporudishwa.

Kulabu ni za waya wa kufungia nondo. Waya huo ni laini kwa makusudi, ili ukunjwe kwa mkono, kwa hiyo kitanzi kinafunguka chenyewe taratibu na jani linaanguka usiku. Badala yake tumia spoku za baiskeli. Zina milimita 2, zimenyooka, ni ngumu, zina urefu unaotosha hata kwa fito fupi za chini, na kila fundi baiskeli ana rundo la zilizoondolewa kwenye ringi. Sehemu inayogusana isuguliwe kwa msasa hadi ing'ae, na kitanzi kikutane na kitanzi kwa nukta moja, si kwa kulala kimoja juu ya kingine. Msuguano ndio adui mkubwa wa bidhaa hii. Hewa ya chumbani inayotembea sentimita 20 kwa sekunde inasukuma jani la ukubwa tuliotaja kwa nguvu inayolingana na uzito wa punje tatu au nne za mchele wa Kyela. Hiyo ndiyo petroli yote iliyopo. Kiungo chenye kutu kinaimeza kabla haijafika kwenye fito.

Halafu hapa kwetu hewa yenyewe ni nyepesi. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kwenye kimo hicho hewa ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Upepo wa kasi ileile unasukuma kwa nguvu pungufu kwa kiasi hicho. Sanamu iliyochangamka Dar es Salaam itakuwa nzito kidogo Uyole, na dawa ni kuongeza eneo la majani bila kuongeza uzito, jambo linaloturudisha kwenye alumini.

Kutundika ni huduma inayokuja na bei, na ndiyo sehemu ya kusimamia kwa macho yako. Karakana hutumia mshipi wa nailoni uliofungwa fundo kwenye skrubu ya dari. Makosa ni matatu kwa mpigo. Nailoni hurefuka kwa mzigo na kuchakaa kwa jua. Mshipi ukijisokota mizunguko michache unarudisha sanamu nyuma, kwa hiyo haimalizi mzunguko. Na skrubu iliyoingia kwenye ubao wa dari au jipsamu peke yake haijashika kitu. Lazima ifike kwenye kenchi. Nunua mwenyewe waya wa ndani wa breki ya baiskeli, pamoja na kile kiungo kidogo cha shaba kinachozunguka ambacho wavuvi hufunga kati ya mshipi na ndoana. Chagua chenye uwezo wa kilo 20 ingawa sanamu haifiki kilo 2, kwa kuwa kilichozidi uwezo huzunguka kwa ulaini. Kifungwe juu kabisa, karibu na dari.

Mahali pazuri ndani ya nyumba ni kwenye nafasi ya ngazi, kama nyumba ni ya ghorofa. Hewa inapanda pale mchana kutwa. Makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York ilipomwagiza Calder ile kazi yake iitwayo Mtego wa Kambakoche na Mkia wa Samaki mwaka 1939, ilikusudiwa kwa ngazi hasa, na watu huiona kutoka chini, ubavuni na juu wakiwa wanapanda. Nyumba isiyo na ghorofa itafute njia kati ya mlango na dirisha, na majani ya chini yakae mita 2.1 au zaidi kutoka sakafuni. Taa iwe upande mmoja, si juu yake, ili kivuli kiende ukutani. Kivuli ni nusu ya sanamu na hukilipii.

Barazani ni suala jingine. Upepo mkavu wa kiangazi ukifika mita 10 kwa sekunde, na kule Makambako hilo si tukio la kusimulia, jani moja linasukumwa kwa nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wake lenyewe. Fito zinapanda, zinapindukia, kulabu zinashikana, na kesho yake una fundo la bati. Kuanzia Juni ishushe au ifunge. Kwa nje kabisa bidhaa hii haifai, na karakana inaposema inafaa inasema hivyo kwa nia njema tu.

Ile yenye mota haihitaji maneno mengi. Ni mota ya waipa ya gari, volti 12, imefungwa juu bila gia ya ziada ya kupunguza kasi. Hata ikiwekwa kasi ndogo inazunguka mara 40 hivi kwa dakika, na kwa mkono wa sentimita 80 ncha inakwenda zaidi ya mita 3 kwa sekunde. Majani yanatupwa nje na kulala kwa zaidi ya nyuzi 45, kulabu zinalia, na aliye chini anasogea. Wapo waliotaka vurugu hiyo kwa makusudi. Jean Tinguely wa Uswisi alijenga mashine za vyuma chakavu na mota, na moja aliiwasha tarehe 17 Machi 1960 katika bustani ya makumbusho hayohayo ya New York ili ijivunjevunje yenyewe. Wazima moto wakaingia kabla haijamaliza. Makumbusho yake pale Basel yana mashine ambazo mgeni huziwasha kwa kitufe, zinafanya kazi kwa muda mfupi, kisha zinapumzishwa zisilike. Hiyo ni sanaa nyingine, na ina mafundi wa kuitunza. Ukitaka mota nyumbani, tafuta ile ya kuzungushia sahani ya maikrowevu, inayokwenda mizunguko michache tu kwa dakika.

Kwa anayeuliza kama ukubwa ndio tatizo: mobili ya Calder iliyotundikwa 1977 katika jengo la mashariki la makumbusho ya taifa ya sanaa huko Washington ina upana wa mita 23 na uzito wa kilo 417 hivi, na inasukumwa na hewa ya ukumbini pekee. Iliwezekana kwa sababu Paul Matisse, mjukuu wa mchoraji Henri Matisse, aliiunda majani yake kwa bamba za alumini zenye uwazi wa sega la nyuki ndani badala ya chuma kizito. Hapo pia jibu lilikuwa alumini na viungo laini.

Kusafirisha: kwa basi kwenda Njombe au Iringa, usikubali sanamu iliyokunjwa pamoja ndani ya kiroba. Kila jani liwekwe kati ya karatasi mbili za katoni, kila fito ifungwe kwenye ubao mmoja mrefu kwa mpangilio wa kushuka, na namba ziandikwe kwa chaki. Kuirudisha hewani huchukua dakika 20 ukiwa na namba, na nusu siku usipokuwa nazo. Na kabla ya kulipa baki ya pesa, omba jani moja la akiba lililokatwa kwenye bamba lilelile, lipakwe rangi pamoja na mengine, lipimwe kwenye mizani ya dukani baada ya kukauka, na gramu zake ziandikwe kwa nyuma.